Askari na Maovu ya Mshirika wa Vita: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa kutoka kwa wazazi, vijana na askari wastaafu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Nilifundisha somo la Uraia katika shule za sekondari za Nyanda za Juu Kusini hadi nilipostaafu, na baadhi ya wanafunzi wangu walivaa gwanda na kuvuka mipaka kwenda kulinda amani. Waliporudi walikuwa na machache ya kusema juu ya adui. Yaliyowakosesha usingizi yalimhusu askari wa jeshi jingine, aliyekula nao sahani moja na kulinda nao daraja moja, kisha wakamshuhudia akimtendea raia unyama. Majibu ninayoyatoa ni ya mwalimu aliyesoma sheria hizi kwa makini na kuwasikiliza walioyaona, na pale penye maoni yangu nimesema ni maoni yangu.

Mshirika wa vita ni nani?

Ni jeshi, polisi, mgambo au kundi lolote lenye silaha linalopigana upande mmoja na jeshi lako. Katika ulinzi wa amani, mara nyingi mshirika huyo ni jeshi la serikali mwenyeji, yaani jeshi la nchi ile ile ambayo raia wake mmetumwa kuwalinda.

Ikiwa si mimi niliyepiga wala kubaka, kosa langu liko wapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na halijibiki kwa neno moja, kwa sababu ndani yake mna mambo matatu: wajibu wa nchi, hatia ya mtu binafsi, na mzigo wa dhamiri.

Wajibu wa nchi umeandikwa katika kifungu cha kwanza kabisa cha Mikataba minne ya Geneva ya tarehe 12 Agosti 1949, ambayo ndiyo msingi wa sheria za vita. Nchi zilizotia saini ziliahidi kuiheshimu mikataba hiyo na pia kuhakikisha inaheshimiwa katika hali zote. Neno hilo la pili, kuhakikisha, ndilo linalonifanya nisikubali hoja ya kwamba yale ni mambo yao wenyewe. Mwaka 1986 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikiamua shauri la Nicaragua dhidi ya Marekani, ilisema kwamba Marekani ilikuwa na wajibu wa kutowachochea wapiganaji iliowaunga mkono kuvunja sheria za vita. Kwa hiyo anayempa mwenzake risasi, dizeli, ramani na mawasiliano hawezi kunawa mikono kana kwamba hajui vilitumika wapi.

Hatia ya mtu binafsi ina masharti magumu zaidi, na ni haki iwe hivyo. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, unamtia hatiani anayesaidia uhalifu kwa lengo la kuufanikisha. Kusimama karibu, peke yake, hakukufanyi mhalifu. Kamanda naye hubeba hatia ya maovu ya walio chini ya mamlaka yake halisi iwapo alijua, au alipaswa kujua, na hakuzuia wala kuadhibu. Kwa kawaida askari wa jeshi rafiki hawako chini yake, lakini ikitokea wakawekwa chini ya amri yake kwa operesheni fulani, hesabu inabadilika papo hapo.

Mzigo wa dhamiri hauna kifungu. Nitaurudia mbele, kwa sababu ndio unaokuja nao nyumbani.

Je, amri ya mkubwa inaniokoa?

Haikuokoi. Tangu kesi za Nuremberg baada ya Vita Kuu ya Pili, walikohukumiwa viongozi wa Ujerumani ya Hitler, askari hawezi kujificha nyuma ya amri ambayo ubaya wake uko wazi. Mkataba wa Roma unasema kwamba amri ya kutenda mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu ni haramu waziwazi wakati wote. Kinachowasumbua askari wengi, hata hivyo, ni amri ya aina nyingine kabisa, ile inayosema: "Usiingilie, hayo si ya kwetu." Amri ya kutotenda huwa na sababu halali wakati mwingine, kwa mfano pale ambapo seksheni ya watu kumi ikiingilia itauawa yote na raia nao wasiokolewe. Lakini hakuna amri halali inayokukataza kuandika ulichokiona na kukipeleka juu.

Haya yamewahi kuwakabili wanajeshi wa Tanzania, au ni mambo ya vitabuni?

Yamewakabili, tena karibu nasi. Novemba 2012 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wanajeshi wa serikali ya Kongo walirudi nyuma hadi Minova, mji mdogo kando ya Ziwa Kivu, na huko kwa siku kadhaa wakawageukia raia wao wenyewe. Umoja wa Mataifa uliorodhesha wanawake na wasichana wasiopungua 135 waliofanyiwa ukatili wa kingono katika eneo hilo. Miezi minne tu baadaye, tarehe 28 Machi 2013, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi maalumu ya kupambana na waasi, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya kamanda wake wa kwanza, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Vijana wetu walitakiwa kupigana bega kwa bega na jeshi lile lile lililotoka Minova.

Naomba msomaji alitafakari hilo kwa dakika moja. Kazi yao ilikuwa ya lazima. M23 walishindwa mapema Novemba 2013, na wakazi wa Goma waliokuwa wakilala kwa hofu ya makombora walipumua. Wakati huo huo kila askari aliyefanya doria ya pamoja hakuwa na namna ya kujua kama mwenzake aliyeshika bunduki kando yake alikuwa Minova siku zile. Umoja wa Mataifa ulitishia kuondoa msaada kwa vikosi viwili vya jeshi la Kongo vilivyohusishwa na unyama huo, na shinikizo hilo lilichangia kuwafikisha watu 39 mbele ya mahakama ya kijeshi. Hukumu ilipotoka Mei 2014, wawili tu ndio waliopatikana na hatia ya ubakaji. Kwa wanawake 135, hiyo si haki, na siwezi kuandika tarakimu hizo mbili katika aya moja bila moyo kuniuma.

Kisha mwaka 2015 mambo yalichukua sura nyingine. Serikali ya Kongo iliteua majenerali wawili, waliokuwa wakituhumiwa kuvunja haki za binadamu, kuongoza operesheni dhidi ya waasi wa FDLR, kundi la Wahutu wa Rwanda lililoko mashariki mwa Kongo. Umoja wa Mataifa ulisitisha msaada wake kwa operesheni hiyo, na ushirikiano ukarejea mwaka uliofuata. Wako waliolaumu, wakisema waasi walipewa nafasi ya kupumua na raia wakalipa gharama. Lawama hiyo ina uzito na siidharau. Hata hivyo naamini usitishaji ule ulikuwa sahihi, kwa sababu mshirika anayejua kwamba msaada hautakatwa kamwe hana sababu ya kubadilika.

Hiyo sera ya kukata msaada ilitoka wapi?

Ilitokana na aibu. Mwaka 2009 walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakiwapa wanajeshi wa Kongo chakula, mafuta na usafiri katika operesheni dhidi ya FDLR. Katika eneo la Lukweti, Kivu Kaskazini, ikabainika kwamba raia wasiopungua 62 walikuwa wameuawa, na wanajeshi waliokuwa wakipewa msaada huo ndio waliotajwa. Novemba mwaka huo msaada kwa vikosi vilivyohusika ukasitishwa. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ukaweka sera kwamba hautavisaidia vyombo vya ulinzi vya nchi yoyote ikiwa kuna sababu za msingi za kuamini kuwa vitatenda maovu makubwa dhidi ya watu, na mamlaka husika hazichukui hatua. Askari wetu anayetumwa chini ya bendera ya bluu anapaswa kuijua sera hii kama anavyoijua silaha yake, maana taarifa yake ya doria ndiyo inayoipa nguvu. Bila taarifa, sera inabaki karatasi.

Nimemkamata mpiganaji wa adui. Nimkabidhi kwa mshirika?

Hapa ndipo askari wa kawaida, bila kupiga risasi hata moja, anaweza kumpeleka mtu kwenye mateso. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Tatu wa Geneva kinasema mateka wa vita anaweza kukabidhiwa tu kwa nchi iliyo tayari, na yenye uwezo, wa kumtendea kwa mujibu wa mkataba. Nchi hiyo ikishindwa katika jambo kubwa, aliyemkabidhi lazima achukue hatua za kurekebisha au aombe arudishiwe. Kifungu hicho kiliandikwa kwa ajili ya vita vya nchi na nchi, lakini msingi wake, kwamba mtu asikabidhiwe kwa mtesaji, ndio unaofuatwa leo hata katika mapigano ya ndani ya nchi. Nchini Afghanistan, mwaka 2011, majeshi ya kimataifa yalisitisha kupeleka mahabusu katika magereza kadhaa baada ya uchunguzi wa Umoja wa Mataifa kuonyesha kwamba watu walikuwa wakiteswa humo.

Kwa askari aliye uwanjani, ushauri ni wa kawaida kabisa. Andika jina la mtu huyo, hali ya mwili wake alipokuwa mikononi mwako, saa, mahali, na cheo cha aliyempokea. Taka saini yake. Wajulishe walio juu ili Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iweze kumfuatilia. Mahabusu mwenye karatasi ni vigumu zaidi kupotea kuliko asiye nayo.

Nikimwona mshirika akimtesa raia mbele yangu, naruhusiwa kutumia nguvu?

Sheria inamruhusu mtu kumtetea mwingine dhidi ya shambulio haramu linalotendeka au lililo karibu kutendeka, kwa nguvu isiyozidi kiasi. Mlinda amani mwenye jukumu la kulinda raia ana ruhusa pana zaidi, na sera ya Umoja wa Mataifa imeweka wazi kwamba tishio linalotoka kwa askari wa serikali bado ni tishio. Kabla ya hapo kuna ngazi nyingi ambazo watu huziruka: kusogeza gari lenu hadi hapo, kuwasha taa, kushuka, kumwita kamanda wao kwa jina, kusimama kati. Askari mmoja mstaafu wa Mafinga aliniambia, "Mwalimu, mara nyingi kilichohitajika ni sisi kutoondoka."

Kumpiga mkosaji baada ya kosa ni jambo tofauti. Mwaka 2011 huko Kunduz, kaskazini mwa Afghanistan, askari wawili wa kikosi maalumu cha Marekani, Kapteni Dan Quinn na Sajini Charles Martland, walimpiga kamanda wa polisi wa kienyeji waliyekuwa wakishirikiana naye, kwa sababu alikuwa amemfunga mvulana kwa mnyororo na kumlawiti. Quinn aliondolewa kwenye ukamanda, na Martland aliponea chupuchupu kufukuzwa jeshini. Mwaka 2016 ndipo aliporuhusiwa kubaki. Ninaielewa hasira yao kabisa. Mama wa mtoto huyo alikuwa amekwenda kulalamika, na baadhi ya askari wa Marekani walisema walikuwa wameambiwa kwamba hayo ni mila za wenyeji. Sisemi walifanya sawa, kwa maana kipigo hakikuwa hukumu wala hakikumfikisha mtu mahakamani. Ninachosema ni kwamba jeshi lililokuwa tepetevu kwa mlawiti likawa kali kwa waliomtetea mtoto, na hapo ndipo penye doa kubwa zaidi.

Kumripoti mshirika si usaliti?

Jirani yangu mmoja hapa Uyole alirudi kutoka ulinzi wa amani nje ya nchi akiwa na daftari dogo la mfukoni, lenye jalada la bluu lililovimba kwa mvua. Alinionyesha jioni moja jikoni kwangu, mke wangu akimenya viazi. Ukurasa mmoja ulikuwa na namba ya gari, saa 11:40 alfajiri, neno "kizuizi", na mchoro wa barabara yenye mwembe upande wa kushoto. Chini yake aliandika: "Mama, mbuzi wawili, kijana amepigwa kitako cha bunduki, hakuamka." Pikipiki ilipopita nje alinyamaza mpaka mlio ukaisha. Akaniambia kwamba aliyempiga kijana yule ndiye aliyekuwa amewapa maji siku gari lao lilipokwama.

Alikuwa ameandika ripoti, na mwenzake wa chumba kimoja akamwita msaliti. Nilimwambia ninachokiamini: umemsaliti nani? Mkataba kati ya majeshi mawili ulikuwa wa kulinda raia, na aliyeuvunja ni aliyeinua kitako cha bunduki. Ripoti inaweza kuwa ndiyo heshima ya mwisho anayoweza kupewa kijana asiyeamka.

Ripoti nzuri hutenganisha ulichokiona kwa macho na ulichosikia, hutaja saa, mahali, alama za sare, namba za magari, haitii chumvi. Isimtaje shahidi raia kwa namna itakayomhatarisha. Ipelekwe kwa kamanda wako, na kama yeye ndiye kikwazo, kwa mwanasheria wa kikosi au kitengo cha haki za binadamu cha operesheni. Kurusha video mitandaoni huwafikia wauaji kabla ya wachunguzi, na walioonekana ndani yake huwa wa kwanza kutafutwa.

Kwa nini wakubwa hunyamaza?

Kwa sababu mshirika anashikilia barabara, habari za kijasusi na ruhusa ya kuwepo nchini. Operesheni ya kulinda amani ikikorofishana na serikali mwenyeji inaweza kufukuzwa, na raia wakabaki bila mlinzi yeyote. Hoja hiyo ni ya kweli, na kamanda anayeipima usiku kucha namhurumia. Lakini nimeona inavyotumika kama blanketi la kufunika kila kitu, hata yale ambayo kuyasema kusingemgharimu mtu chochote.

Historia yetu wenyewe ya Nyanda za Juu Kusini ina lolote la kutufundisha hapa?

Inayo mengi, na si yote yanayopendeza. Wengi tumeipeleka familia Kalenga, nje kidogo ya Iringa, kuliona fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, na tunasimulia kwa fahari jinsi Wahehe walivyokishinda kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Tunasimulia kidogo zaidi kwamba Wajerumani walipoibomoa Kalenga, ngome ya Mkwawa, Oktoba 1894 walikuwa na marafiki Waafrika. Wasangu wa mtawala wao Merere, waliokuwa wamefukuzwa na Wahehe kutoka Usangu, walijiunga na Wajerumani ili warudishiwe nchi yao, na walirudishiwa. Sababu yao ilikuwa ya haki machoni mwao. Miaka kumi baadaye, katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Wahehe nao walikuwa upande wa Wajerumani, na askari pamoja na rugaruga, yaani wapiganaji wa kienyeji waliowasaidia Wajerumani, walichoma vijiji na maghala ya chakula hata njaa ikaua kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000. Kila mmoja alikuwa na kisasi chake au hofu yake, na chakula kilichochomwa kilikuwa cha watoto.

Na baada ya Vita vya Kagera, ambavyo tulivipigana kwa sababu ya haki, wapiganaji wa Uganda walioingia Kampala pamoja na jeshi letu mwaka 1979 ndio waliounda jeshi jipya la nchi yao. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa jeshi hilo waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua. Vijana wa Mbeya na Iringa waliopigana vita ile ni wazee sasa. Wachache wameulizwa wanajisikiaje kuhusu hilo.

Kijana wangu amerudi mzima wa mwili, lakini halali, hacheki, na kanisani haendi. Ana nini?

Mama mmoja wa Tukuyu aliniuliza hivi akiwa ameshika kitenge mdomoni. Siwezi kumpima mtu ugonjwa, lakini kuna hali ambayo wataalamu huitenganisha na woga wa vita. Daktari wa akili wa Marekani, Jonathan Shay, aliyewatibu askari waliorudi kutoka Vietnam, alianza kuieleza miaka ya 1990 kama jeraha la kimaadili: kidonda kinachotokea pale mwenye mamlaka anaposaliti lililo sawa, katika jambo la kufa na kupona. Mwenye woga hushtuka kwa mlio; mwenye jeraha hili hujiona hastahili kukaa mezani na watu wema.

Familia nyingi humwambia, "Sahau, mwanangu, umerudi salama, mshukuru Mungu." Wanasema kwa upendo, naye husikia kwamba mlango umefungwa. Afadhali uketi naye akifanya kazi ya mikono, akipalilia migomba au kupasua kuni, na usimuulize aliua wangapi. Akianza kusema, usimhukumu na usimtetee haraka. Hali ya kutolala ikizidi majuma kadhaa, au akianza kusema kwamba dunia ingekuwa nafuu bila yeye, mpeleke siku hiyo hiyo kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa, na msimwache peke yake.

Kijana anayekwenda JKT Mafinga au Itende ajue nini mapema?

Ajue kwamba sheria za vita zinamlinda na yeye pia siku akikamatwa. Na azoee kuandika kumbukumbu zenye tarehe na saa.

Niliyaona zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kuna maana kuandika sasa?

Ipo. Uhalifu ulio chini ya Mkataba wa Roma haufutwi na muda. Félicien Kabuga, aliyetafutwa kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, alikamatwa karibu na Paris Mei 2020. Fulgence Kayishema, aliyeshtakiwa mwaka 2001, alikamatwa Paarl, Afrika Kusini, Mei 2023. Miaka yote hiyo maneno ya mashahidi yalikuwa yametunzwa Arusha, ilikokuwa mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda, yakisubiri. Andika yote kwa mkono wako, weka tarehe ya leo na tarehe ya tukio, tia saini, na usirekebishe daftari la zamani hata kama lina makosa ya tahajia.

Jirani yangu wa Uyole alifanya hivyo mwezi wa masika. Alikuja na karatasi mpya za mistari, akanakili kurasa kumi na moja mezani kwangu, na alipofika kwenye mchoro wa barabara aliuchora tena polepole, mwembe upande wa kushoto, kisha akaniuliza kama nina rula.